Vipimo vya Ukurasa wa Mwisho

Oda ya tatu iliingia saa nne asubuhi, fundi akiwa amebana pini tatu midomoni na magoti yamejaa mabaki ya bitana. Binti yake, ambaye wapangaji wenzao walimbandika jina la Bi Mtandao kwa kuwa simu haikumbanduka mkononi, aliisoma kwa sauti kutoka kwenye kona yake kama kawaida. Gauni refu. Hariri nzito, ile ya bei ya juu kuliko vitambaa vyote dukani mwao. Bitana kamili, zipu ya kufichwa. Malipo yameshapita kwa kadi ya benki. Kisha akaanza vipimo.

Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na tatu. Nyonga thelathini na tatu.

Fundi alikuwa anachora kwa chaki juu ya kitambaa chakavu, maana vipimo alivisikiliza kwa mkono, sikio lilifuata baadaye. Chaki ikafika begani, na upande wa kushoto ikashuka yenyewe kabla binti hajasema neno.

"Bega la kushoto limeshuka nusu inchi," binti akasoma.

Fundi alizitema pini kiganjani, moja moja. Mlango wa pili muuza vifungo alikuwa anacheka na mteja. Kicheko kikakatika, na chumba kikaingia kimya ambacho chumba chenye cherehani hakikizoei.

"Rudia."

Akarudia. Fundi alitazama alichokichora. Hakuwa amekichora kwa kufikiri. Mtu mzima alikuwa amelala pale mezani, mwembamba, bila kichwa.

"Huyu namjua," alisema.

"Nani, baba?"

"Mama yako."

* * *

Daftari la marehemu lilikaa juu ya kabati, limefungwa kwa kipande cha lastiki. Lilikuwa na miaka kumi na minne ya miili ya watu: jina au lakabu, vipimo, na kasoro zao, kwa sababu mkewe alikuwa akisema nguo haishonwi kwa uzuri wa mtu bali kwa kasoro yake. Kila nguo iliyokwisha ilipigwa mstari wa chaki ya buluu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi, mwandiko umelala kama uliochoka. Neno la kwanza lilikuwa "Mimi". Vilivyofuata ni vipimo vile vile, hadi nusu inchi ya bega. Huo haukuwa na chaki.

Fundi alimpima mkewe akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, wiki mbili kabla hajafa. Nguo zake zote zilikuwa zimegeuka magunia mwilini, akataka moja tu, iliyomjua. Kitambaa kilikuwepo. Kikauzwa, kwa sababu dawa iliyokosekana kwenye dirisha la hospitali ilipatikana kwenye duka la ng'ambo ya geti, siku hiyo hiyo, ndani ya kasha lenye muhuri wa hospitali. Wenye kusimamia dirisha na wenye duka walikuwa wanasalimiana kwa majina. Hata hiyo dawa haikuwahi kumaliza wiki. Akazikwa kabla mkasi haujafunguliwa.

Sasa fundi alirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa tatu alimkuta mwenye mkono wa kushoto mfupi kwa inchi moja, aliyeungua kiwiko utotoni na ambaye alikwishahama siku nyingi. Ukurasa wa kumi na moja alimkuta mama mmoja mnene mwenye mgongo uliobinuka, "ongeza inchi nyuma". Huyo fundi alibeba jeneza lake.

Akaketi.

"Zile oda mbili," alisema. "Zile zilizotutia hasara. Niliwashonea hawa."

Alikumbuka namna mkono wake ulivyotangulia akilini alipokata ule mgongo, kama mtu anayeingia gizani katika nyumba aliyowahi kuishi. Alifurahi siku ile. Alidhani ni ufundi umekomaa.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Binti alikuwa na kanuni yake: mteja mgeni, akaunti ya jana, kitambaa cha ghali, haulizi bei wala haombi kupunguziwa, oda ishikwe kwanza. Mara zote mbili aliishika. Mara zote mbili fundi aliiachia. Alimwambia binti kwamba mwizi hana bega. Mwizi huiba nguo ya kuning'inizwa, anayejua mkono wake mmoja ni mfupi ni mtu, tena mkweli kuliko hao wa kanuni. Magauni yakachukuliwa. Wiki mbili baadaye zikaja barua za Kampuni, ile yenye soko la mtandaoni walimopanga duka lao: kadi zilikuwa za wizi, wenye kadi wamerudishiwa chao, na duka limekatwa bei ya gauni pamoja na faini. Ya tatu, walisema, duka linafungwa na fedha zilizomo zinazuiwa miezi sita.

Nao hawakuwa na kwingine. Kibanda chao cha barabarani wenye mji walikwishakibomoa kupisha mfereji, na mfereji wenyewe hadi leo ni alama ya rangi nyekundu ukutani.

"Mimi ndiye niliyepiga picha," binti alisema ghafla.

"Picha gani?"

"Za daftari. Tulipofungua duka walitaka ushahidi kwamba sisi ni mafundi kweli. Nikawatumia kurasa zote, baba. Nilidhani nyingi ni bora."

Fundi alimtazama. Angeweza kumlaumu, na sehemu yake ilitaka. Lakini alikuwa ameishi vya kutosha kujua desturi ya wakubwa: wao hawaibi. Wao huacha mlango wako wazi, kisha wakakutoza faini kwa sababu umeingiliwa.

"Siyo wewe, mama," alisema. "Ni aliyeomba asichoweza kukitunza."

* * *

Sheria ya Kampuni ilikuwa na pande mbili na zote zilikata. Wakitoa gauni, kadi ikiwa ya wizi, duka limefungwa. Wakifuta oda wao wenyewe bila ushahidi, ni kosa la duka, la tatu vile vile. Walikuwa na siku nne. Binti akapiga simu ya huduma kwa wateja, wakasikiliza muziki mpaka chai ikapoa, halafu akatoka mhudumu mwenye sauti laini iliyopigwa pasi.

Binti alieleza. Fundi akaona anaeleza kwa adabu nyingi mno, akaichukua simu.

"Mwanangu, hivi vipimo ni vya mke wangu, na mke wangu amekufa. Mwaka wa tatu sasa."

Mhudumu alimpa pole, kisha akauliza kama ana uthibitisho.

"Wa kufa?"

"Ndiyo, mzee. Cheti cha kifo. Unaweza kukipiga picha ukatuma."

Fundi alisema cheti anacho. Mhudumu akafurahi. Kisha akauliza iwapo cheti kinaonyesha vipimo.

"Cheti cha kifo?"

"Tunahitaji kuoanisha taarifa, mzee. Jina la kwenye oda si la marehemu. Kwa hiyo cheti kitathibitisha kwamba amefariki, lakini hakitathibitisha kwamba kiuno ni chake."

Fundi aliuliza basi ni nani aliyewapa wezi daftari lake, ikiwa picha zilitumwa kwao peke yao. Sauti haikukunjamana. Taarifa zake, aliambiwa, ziko salama kwao.

"Nisikilize," fundi alisema. "Mtu hai hubadilika. Anazaa, anashiba, anaugua, anazeeka. Anayebaki na kiuno kilekile miaka kumi ni maiti au ni mwizi. Andika hilo kwenye mashine yako."

Mhudumu alisema ameliandika, akamtakia siku njema, akamwomba aipe huduma yake alama kuanzia moja hadi tano.

* * *

Wazo lilitoka kwa marehemu, kwa namna fulani. Enzi zake hakuna nguo ya vipimo iliyotoka bila kujaribiwa mwilini. Hata mteja awe na haraka ya kufa, angesimama nyuma ya pazia, apigwe pini, ageuzwe. Walipohamia mtandaoni waliacha, kwa kuwa Kampuni ilisema kunachelewesha. Ilisema, haikukataza. Binti alisoma kanuni zote kuhakikisha, mdomo ukicheza kama anayetafuna.

Wakaamua kumwandikia mteja. Fundi alitamka, binti akachapa: gauni la vipimo halitoki hapa bila kujaribiwa, njoo Alhamisi saa nane mchana. Walitarajia kimya, au oda ifutwe na mwenyewe. Mteja akifuta mwenyewe, duka halina kosa.

Jibu lilikuja kabla binti hajaiweka simu chini.

Sawa. Atakuja.

Binti aliisoma mara mbili. "Hajasema nitakuja," alisema taratibu. "Amesema atakuja."

Asubuhi iliyofuata binti alibeba furushi la oda halali kupeleka, mkanda wa mfuko begani kushoto kama siku zote, na aliporudi alikuta hariri imekwishakatwa. Alisimama mlangoni. Kitambaa kile walikichukua kwa mkopo, mwenye duka la vitambaa alikuwa anawahesabia siku.

"Baba, tulisema hatuigusi."

"Atajaribu nini sasa, hewa?"

Lilikuwa jibu zuri na wote wawili walijua si jibu. Binti aliwasha pasi.

Fundi alishona siku mbili na hakukosea mshono hata mmoja, jambo lililomtisha. Sanamu la mbao la kuvalishia nguo lilikuwa nene mno kwa gauni lile, zipu haikufunga mgongoni, ikabidi alitundike kwenye msumari karibu na dirisha. Hapakuwa na upepo. Hata hivyo kila alipoinua macho gauni lilikuwa limegeuka kidogo kuelekea mlangoni, bega la kushoto chini, mithili ya mtu anayesubiri kuitwa. Muuza vifungo alipita kuomba uzi mweusi, akalitazama, akasema limependeza, akauliza la nani. Fundi alisema la mteja. Muuza vifungo akaondoka na kusahau uzi.

* * *

Alhamisi saa nane jua lilikuwa limesimama juu ya mabati, na ua mzima ulikuwa umelala. Hodi ilipigwa mara moja, kwa sauti ndogo.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitenge kilichozunguka mara mbili, mkononi ana mfuko mweusi na simu iliyopasuka kioo. Alisema shikamoo akitazama sakafu. Binti alimjua papo hapo: ndiye aliyechukua yale magauni mawili ya kwanza getini, na kilichomkaa akilini ni kwamba hakufungua mfuko kuchungulia. Mwanamke kupokea gauni jipya asichungulie. Alipaswa kushtuka siku ile.

"Marahaba," fundi alisema. "Umekuja kujaribu?"

"Ndiyo. Ameniambia nijaribu."

Akapewa gauni, akaingia nyuma ya pazia. Walisikia hariri ikipita mwilini, sauti kama ya mtu anayevuta pumzi ndefu. Kisha zipu. Ilipanda moja kwa moja bila kukwama.

Alipotoka, binti alijishika mdomo.

Fundi alikuwa na pini tayari kwenye kiganja. Alimzunguka mara moja. Hapakuwa na pa kuchoma hata moja. Kiuno kilikaa kwenye kiuno, pindo liligusa pale lilipoambiwa liguse, na bega la kushoto lilizama ndani ya mshono ule ulioshuka nusu inchi kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Akavuta futi shingoni kwa mazoea, akampima, akanong'ona namba. Thelathini na mbili. Ishirini na tatu. Akairudisha futi shingoni.

"Bega hili limekuwaje?" aliuliza.

"Ndoo," mwanamke alisema. "Nachotea watu maji ghorofani."

La marehemu liliangushwa na cherehani. Miaka yote ya kibanda alilibeba begani asubuhi na jioni, kwa kuwa kibanda hakikuwa na kufuli na wenye mji walikataza kuweka mlango.

"Na mwili? Umeanza lini kupungua hivi?"

"Mwaka jana."

"Umekwenda kupimwa?"

"Nilikwenda. Dawa walisema hakuna."

Fundi aliitika kwa kichwa. Basi hapakuwa na mzimu, au kama ulikuwepo, ulikuwa wa namna anayoijua. Njaa na maradhi hukata watu kwa mkasi mmoja. Ukipanga wanawake wa mji huu ambao dawa zao hazipo dirishani, gauni lile lingewatosha mia.

Mengine mwanamke aliyatoa kidogo kidogo, binti akimuuliza. Aliyemtuma hakuwahi kumwona. Simu ni ya huyo mtu, iliachwa kwa mwenye duka la vifurushi; anatumiwa nauli na kidogo cha juu, anaonyesha oda kwenye kioo, anachukua mfuko, anaukabidhi dukani. Alidhani ni kazi. Safari hii aliambiwa avae tu, aseme limemtosha, watalitoa.

"Tuwaite polisi," binti alinong'ona.

"Wamkamate nani? Mwizi hana sura. Huyu anayo. Wataweka ndani sura, waandike wamemaliza."

Mwanamke alisikia. Alianza kutapatapa na zipu mgongoni, mkono haufiki.

"Acha," fundi alimwambia. "Tulia. Hiyo oda iko ndani ya simu uliyoshika. Ukiifuta wewe, mwenye kadi anarudishiwa chake, na sisi hatufungiwi. Ukiondoka na gauni ikiwa haijafutwa, kesho mimi na mwanangu hatuna kazi."

"Nikiifuta hatanipa tena."

"Hatakupa."

Alisimama katikati ya chumba na gauni lile la hariri, macho kwenye kioo kilichopasuka. Hakuna aliyemharakisha. Fundi alijua kinachopimwa, na futi yake haikufika huko.

"Gauni ni lako," alisema hatimaye. "Futa usifute, ni lako. Mimi siwezi kumvalisha mwingine."

"Baba, kitambaa hatujakilipia," binti alisema.

"Nitakilipia."

Binti alifungua mdomo. Akamtazama mwanamke, akamtazama tena, chini hadi juu, akaufunga. Alichukua mkasi mdogo, akapiga magoti, akakata uzi uliobaki kwenye pindo.

Mwanamke alibonyeza. Simu ikamtaka achague sababu, naye hakuwa msomaji, binti akamsomea: nimebadili nia, imechelewa, haikutosha. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili swali lenyewe.

"Haikutosha," alisema, na binti akamwonyesha pa kugusa.

Simu ya binti ikalia kona ya chumba. Oda imefutwa na mteja.

Aliondoka na kitenge chake ndani ya mfuko mweusi, kwa sababu fundi alimwambia asilivue. Simu ya yule mtu aliiacha mezani kwanza, kisha akarudi akaichukua, akasema ataitupa mwenyewe. Fundi alisimama mlangoni. Uani jua lilikuwa kali, na mwanamke aliyavuka madumu ya maji na kamba za nguo akiwa ameipa mgongo nyumba, bega la kushoto chini, hatua fupi fupi, hatua alizozijua. Midomo ya fundi ilifunguka litoke jina. Hakulitoa. Kwenye kona ya ukuta mwanamke aligeuka upande, wala hakutazama nyuma.

* * *

Jioni ilipokaribia, Kampuni ilituma ujumbe. Ilimshukuru fundi kwa kuwa muuzaji mwaminifu, ikasema imepitia malalamiko yake na kukuta hakuna tukio lolote la kutiliwa shaka. Duka liko salama. Gauni halikumtosha mteja, basi. Wakashauri aboreshe vipimo.

Binti aliusoma kwa sauti ya mhudumu yule, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka, kicheko kifupi kilichowachosha.

Walikubaliana kwamba kuanzia sasa kila oda ya ghali ipitishwe kwenye daftari kwanza. Anayefanana na aliyeandikwa, asishonewe. Fundi alilishusha daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, akatafuta chaki ya buluu kwenye mkebe wa vifungo. Akapiga mstari mmoja juu ya "Mimi", polepole, mpaka mwisho wa karatasi.

Chini yake palikuwa peupe.

"Simama nikupime," alisema.

"Baba, juzi tu umenipima."

"Juzi si leo."

Binti alisimama, mikono imeachana na mwili, akiguna kwa mzaha kwamba ajihadhari na kiuno chake, amekula vizuri mwezi huu. Fundi aliandika kifua. Akaandika kiuno, kimeongezeka, akashukuru kimoyomoyo. Kisha akasogea nyuma yake, akalaza futi kutoka shingoni hadi bega la kulia, halafu la kushoto.

Mkono ulisita. Akapima tena.

"Vipi?" binti aliuliza, mfuko wa mafurushi ya kesho ukiwa umeshajaa pembeni ya mlango, mkanda wake juu. "Limekaaje?"

"Liko sawa," fundi alisema.

Akainama, akaandika: bega la kushoto, robo inchi.